Somo la Kiingereza: Vitenzi Vyenye Mkia



Juma hili tunajifunza vitenzi vya Kiingereza vinavyohusu matarajio na changamoto. Katika Kiswahili mkia wa kitenzi hushikamana nacho: shinda, shindwa, shindana. Ukibadili mkia, maana inageuka. Waingereza nao wana mkia, ila huuandika pembeni kama neno dogo: up, down, with, behind. Tukisikia kitenzi tukauacha mkia, tunapotea. "Give" ni kutoa, lakini kwenye "give up" hakuna kinachotolewa.

Matarajio

"Live up to": kufikia kile watu walichotarajia kwako. "He wants to live up to his mother's hopes": anataka kutimiza matumaini ya mama yake.

"Let down": kumwangusha aliyekutegemea. "Don't let me down": usiniangushe. Hapa lugha zetu mbili zimekubaliana.

"Fall behind": kuachwa nyuma. Mwalimu akisema "Your son is falling behind", mtoto hajaanguka wala hajakosa adabu, masomo yanamwacha. Muulize hapo hapo: "How can we help him catch up?" Yaani, tumsaidieje awafikie wenzake?

Changamoto

"Give up": kukata tamaa. Lakini daktari akisema "You should give up smoking", anakutaka uache sigara.

"Face up to": kulikabili jambo ulilokuwa unalikwepa, kama deni au ugonjwa.

"Get through": kuvuka kipindi kigumu. "We will get through this": tutavuka.

"Put up with": kuvumilia jambo linalokuumiza au kukukera.

"Cope with": kulimudu jambo zito.

Hivi viwili vya mwisho tuvishike sana, maana sisi tunaofanya kazi wodini tunavisikia kila siku. Muuguzi huuliza: "How long have you put up with this pain?" Tumelelewa tukiambiwa mvumilivu hula mbivu, kwa hiyo baba zetu na mama zetu wengi hujibu kwamba maumivu ni kidogo tu. Muuguzi hapimi ushujaa wako. Anataka kujua ni siku ngapi, ili utibiwe inavyopasa. Akikuomba upime maumivu kuanzia 0 hadi 10, 0 ni hakuna maumivu, 10 ni makali kuliko yote unayoweza kuwaza. Taja namba ya kweli.

"How are you coping?" huulizwa mama aliyejifungua, anayeuguza mzazi, au aliyefiwa. Hiyo si salamu. Tukijibu "fine" kama tunavyojibu "salama", mlango wa msaada unafungwa. Kama umelemewa, sema: "I'm not coping." Ni maneno matatu tu, na hayana aibu.

Kiingereza kikigoma, sema: "Swahili interpreter, please." Katika hospitali za serikali hapa New South Wales, mgonjwa halipi mkalimani. Namba ya TIS ya wakalimani wa simu ni 131 450, saa 24. Tusimfanye mtoto kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mama yake.

Kabla yetu, wahamiaji wa Ulaya waliofikia hosteli ya hapa Villawood baada ya Vita Kuu ya Pili walihangaika na Kiingereza hiki hiki. Mpango wa serikali wa kufundisha wahamiaji Kiingereza, AMEP, ulianza 1948 na bado upo. Kikomo cha saa 510 kiliondolewa 2021. Aliyeacha kwa sababu saa zake ziliisha, aulize tena kama anastahili.

Zoezi la nyumbani: kaeni wawili wawili, mmoja awe muuguzi, mwingine mgonjwa. Muuguzi aulize "How are you coping?" Mgonjwa ajibu kwa sentensi nzima, na neno "fine" lisitumike.