DARSA YA RAMADHANI 1447 – SIKU YA 12: Ndege wa kwenye mkuyu



Ndugu zangu waumini, kina mama, na vijana wetu wa madrasa. Jana baada ya Tarawehe kijana mmoja kaniuliza: "Ustadh, mbona kila Alasiri unakaa kule nyuma unatazama juu?" Natazama ndege. Leo nieleze kwa nini, ingawa habari yenyewe inaniumbua.

Kuwatazama si mchezo. Surat al-Mulk, aya ya 19, imetuuliza habari ya hawa walio juu ya vichwa vyetu, nani anawashika wasianguke. Na Surat an-Nur, aya ya 41, inatufundisha kwamba ndege nao wana swala yao na tasbihi yao wanayoijua.

Hapa kwetu Newala, na kule Masasi kwenye majabali, mvua ni msimu mmoja tu. Zikianza, Novemba au Desemba, kumbikumbi wanatoka, na juu yao wanafika kozi wadogo kuwawinda. Kozi hao wametoka Siberia na kaskazini mwa Uchina, wakapita India, wakavuka Bahari ya Hindi bila pa kutua. Mbayuwayu tunaowaona kwenye nyaya za umeme wengi wametoka Ulaya. Mmoja ana gramu 20 hivi, na kavuka jangwa la Sahara!

Ninayemtazama mimi ni kwezi. Yuko kwezi mmoja, dume lake mgongo wote ni zambarau iliyoiva, linang'aa, na tumbo jeupe pe. Jike ni kahawia lenye michirizi, ukiliona peke yake utadhani ni ndege mwingine kabisa. Huyu haendi Ulaya. Safari yake ni humuhumu Afrika: huja kusini na mvua kuzaliana, na mvua zikielekea kuisha hurudi upande wa ikweta.

Mwaka 1993 Ramadhani iliangukia Februari na Machi, kama mwaka huu. (Mfungo unarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo baada ya miaka 33 unarudi msimu uleule.) Nilikuwa mtoto, nimefunga, nasubiri Magharibi, mkononi nina manati. Nikamlenga kwezi dume kwenye mkuyu. Akaanguka. Nikampeleka madrasa kwa furaha kumwonyesha maalim.

Akaniuliza, "Umewahi kumchinja?"
"Hapana, maalim, amekufa kwa jiwe."
"Sasa ni nini huyu?"
"Mzoga."
"Basi hata futari hafai."

Akanieleza hadithi aliyoipokea Imamu Nasai, kwamba mwenye kuua ndege pasipo haki ataulizwa, na haki yake ni kumchinja na kumla, si kumuua na kumtupa. Akasema, "Tumbo lako limefunga. Mkono wako je?"

Fimbo ilikuwa palepale ukutani, hakuigusa. Adhabu yangu ikawa kila baada ya Alasiri niende kwenye ule mkuyu nihesabu kwezi waliobaki, nije nimwambie. Siku ya kwanza nilihesabu kumi na mmoja. Kuna siku walikuwa saba, kuna siku kumi, maana hawatulii. Kumi la mwisho wakawa wanne. Karibu na Idi nikakuta mti mtupu, nikaja mbio: "Maalim, wameondoka wote!"

Akasema, "Wote?"

Nilinyamaza. Mpaka leo sina jibu la swali lile. Maalim ameshatangulia, Allah amrehemu.

Sasa nataka tuelewane, maana najua wenye mashamba watasema ustadh anatetea wala mtama. Kulinda mazao kwa kuwafukuza ni haki yako. Ndege aliye halali ukamchinja ukamla, hakuna ubaya. Na alichokula bila wewe kujua, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ndege akila ulichopanda unaandikiwa sadaka. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Ninachokisema ni manati ya mchezo, hasa saa hizi za kusubiri adhana, watoto wetu wakiwa hawana shughuli. Wazazi, angalieni mifukoni.

Jambo jingine ni miti mikongwe. Kwezi huyu hutaga kwenye matundu ya miti. Ule mti wenye pango tunaouwahi kuukata kwa sababu "hauna faida" ndio nyumba yake. Ukiwa hauangukii paa la mtu, uache.

Jana niliwahesabu sita kwenye mkuyu, madume wawili. Wiki iliyopita walikuwa tisa. Leo baada ya Alasiri nitakuwa palepale, na mtoto yeyote wa madrasa anayetaka kuja kuhesabu anakaribishwa, mkono mtupu.

Kesho in shaa Allah tutaanza masuala ya Zakatul Fitri.

Wabillahi tawfiq.