Ukitafuta Fleti South Beach, Uliza Levi Kwanza

Maghorofa ya South Beach, Durban, kuanzia bustani ya maji ya uShaka kupanda na ufukwe, yamejaa wenzetu. Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Tanga unaweza kukisikia ndani ya lifti moja. Wengi wamepanga kwa miaka na sasa wanataka cha kwao. Fleti zinazouzwa zipo tele, ila bei nyingine hazishikiki. Kabla hujakata tamaa, au hujasaini, shika haya.

1. Uliza levi kabla ya bei. Levi ni ada ambayo kila mwenye fleti huilipa kila mwezi kwa ajili ya lifti, walinzi, usafi, bima ya jengo na matengenezo. Hapa ndipo watu wanapoumia. Tuseme fleti moja inauzwa randi 450,000 na levi yake ni 3,000 kwa mwezi. Nyingine inauzwa 550,000, levi 1,500. Ya kwanza inaonekana rahisi. Lakini tofauti ya levi ni randi 18,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata miaka sita haiishi, ile laki uliyookoa imeshaliwa, na levi inaendelea. Hapo hujagusa kodi ya majengo ya eThekwini, manispaa ya Durban.

2. Inua macho. Ukitoka kwenye roshani, bahari iache kwanza. Tazama juu, chini ya roshani ya jirani. Hewa ya chumvi hupenya kwenye zege, nondo zikashika kutu, zikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili ni michirizi ya kahawia kama chai iliyomwagika, rangi iliyofura, na ufa mrefu ulionyooka kufuata nondo. Gonga ukuta kwa kidole: ukisikia mlio wa uwazi, plasta imeshaachia. Ukarabati wa namna hiyo ni wa jengo zima, nao huzaa levi maalumu, yaani mchango wa ghafla juu ya ule wa kila mwezi. Mwenye fleti anayeuza kwa haraka huenda anaukimbia.

3. Omba makaratasi ya jengo. Taka kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, hesabu za mwaka na mpango wa matengenezo wa miaka 10. Tangu Oktoba 2016 sheria inautaka umoja wa wamiliki uwe na mpango huo pamoja na mfuko wa akiba. Angalia hasa deni la levi: wasiolipa wakiwa wengi, mzigo wao mtaubeba ninyi mnaolipa. Ukiambiwa makaratasi hayapo, ondoka. Hapo sina ushauri mwingine.

4. Bei iliyotangazwa ni ombi tu. Kuilinganisha na matangazo mengine hakusaidii, kwa sababu wauzaji wanaigana. Linganisha na bei zilizolipwa kweli. Hati za nyumba za Durban husajiliwa Pietermaritzburg, na yeyote anaweza kuzitafuta kwa ada ndogo. Angalia jengo hilohilo, mauzo ya miaka miwili mitatu iliyopita, ghorofa na upande unaofanana. Inayotazama bahari na inayotazama uchochoro si bidhaa moja. Kisha soma thamani ambayo manispaa imeipa fleti hiyo. Orodha yake ni ya umma.

5. Mjue dalali. Kwa kawaida analipwa na muuzaji, kwa asilimia ya bei, basi usitegemee akutetee wewe. Mwombe cheti chake cha Fidelity Fund, kinachoonyesha kuwa ana ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Mwombe pia fomu ambayo muuzaji ameorodhesha kasoro za fleti. Imekuwa ya lazima tangu sheria mpya ya madalali ilipoanza, tarehe 1 Februari 2022.

6. Toa ofa ya chini, kwa adabu na kwa hesabu. Usiseme tu "punguza bosi". Weka mezani bei za majirani, levi na gharama ya kutengeneza jiko. Ofa ya nyumba Afrika Kusini lazima iwe ya maandishi, na pande zote mbili zikisaini, imewafunga. Kwa hiyo andika masharti humohumo: mkopo upitishwe kabla ya tarehe fulani, la sivyo mkataba ufe na amana yako irudi.

7. Fedha zipite kwa wakili. Amana iingie kwenye akaunti ya amana ya wakili anayehamisha hati, kamwe isiingie mfukoni mwa muuzaji wala wa "ndugu" aliyewakutanisha. Omba izae riba kwa jina lako. Tangu Aprili 2025, nyumba isiyozidi randi 1,210,000 haina ushuru wa uhamisho, na fleti nyingi za hapa ziko chini ya hapo. Ada ya wakili ipo palepale.

8. Rudi Ijumaa usiku. Sikiliza mtaa, pima lifti, waulize walinzi maji yalikatika lini mara ya mwisho.

9. Usikimbizwe. Ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine kesho, mpishe. Fleti isiyo na mtu bado inamla muuzaji levi na kodi ya manispaa kila mwezi. Muda unambana yeye kuliko wewe. Akikataa ofa yako, mshukuru, mwachie namba, kisha mpigie baada ya miezi miwili umuulize kama bado inauzwa.