UZITO WA MAMA KATI YA MIMBA NA MIMBA



Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa kwanza, twasoma ya kuwa Elkana alipokwea pamoja na jamaa yake kutoa dhabihu ya mwaka, Hana hakwenda nao, bali alikaa nyumbani na mtoto hata alipomwachisha ziwa. Elkana hakumlazimisha. Sisi katika mafundisho yetu twazoea kueleza maombi ya Hana na nadhiri yake, kisha twaipita upesi ile miaka aliyokaa nyumbani akinyonyesha. Mwezi huu na tukae kidogo mahali hapo.

Wenye elimu ya utabibu husema kwamba mama mwenye mwili wa kadiri yampasa kuongezeka kilo 11 na nusu hadi 16 katika miezi ya mimba yake. Mtoto mwenyewe ni kama kilo tatu tu. Zilizobaki ni kondo la nyuma, maji ya uzazi, damu iliyoongezeka, na mafuta ambayo mwili huyaweka akiba kwa ajili ya maziwa. Mtoto akiisha kuzaliwa, akiba hiyo huanza kutumika, kwa maana kunyonyesha kwadai chakula kupita desturi, karibu sawa na mlo mmoja zaidi kila siku. Mama apataye chakula cha kutosha huurudia uzito wake pole pole. Asiyepata hushuka chini ya mahali alipoanzia. Na mimba nyingine ikimkuta pale chini, mtoto wa pili hujengwa kwa akiba isiyokuwapo.

Katika mkoa wetu wa Katavi jambo hili lina majira yake. Mvua huanza yapata Novemba, na mahindi huvunwa kuanzia Mei. Kazi ya jembe na palizi huja wakati ghala imepungua, naye mama hulima hali ana mtoto mgongoni. Mwaka 2006 wataalamu wawili, Craig Hadley na Crystal Patil, walitoa habari za uchunguzi wao kati ya wanawake wa vijijini Tanzania, Wapimbwe na Wasukuma wakiwamo, wakaonyesha kwamba wale waliopungukiwa na chakula ndio waliokuwa na mashaka na huzuni zaidi. Wala si kwamba nchi yetu haizai. Magari huondoka Mpanda yamejaa mahindi na mpunga. Baba afurahiaye bei ya mwezi wa sita na ajiulize mkewe atakula nini mwezi wa pili.

Tuseme mama ana urefu wa sentimita 158. Alipoanza mimba ya kwanza alikuwa na kilo 49. Ya pili, 47. Ya tatu, 45. Hakuna aliyetambua, kwa kuwa kilo mbili hazionekani chini ya kanga. Matabibu hupima hivi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa chini ya 18.5, mama amekonda kupita kiasi. Kuanzia 25, amezidi. Kwa urefu wa mama huyu mpaka wa chini ni kama kilo 46, naye amekwisha kuuvuka. Mtoto wake wa tatu yu katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na uzito wa chini ya kilo mbili na nusu. Na kama damu ya mama nayo ni pungufu, kutokwa na damu wakati wa kujifungua, ambako mwingine angekustahimili, kwaweza kumwua.

Wengine huanza safari hii mapema mno. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ilionekana kwamba kati ya wasichana 100 wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Msichana ambaye mwili wake bado unakua hugawana chakula na mtoto aliye tumboni.

Wazee wetu waliiona sehemu ya kweli. Waliposema mtoto amebemendwa, walikuwa wametazama mtoto anayedhoofika mamaye anapopata mimba upesi. Walikosea katika kutaja sababu, wakawashtaki wazazi kwamba wamevunja mwiko. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala maziwa ya mama mwenye mimba si sumu. Mwinjilisti asikiaye neno hili mtaani alikanushe, kwa maana mama aliyeaibishwa hivyo huona haya kumpeleka mtoto kliniki. Lililo kweli ni kwamba mimba iliyofuata upesi hudhuru. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba baada ya kuzaa mtoto hai, mume na mke wangoje miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, na baada ya mimba kuharibika, miezi sita. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa sehemu kubwa, ila kwa masharti matatu pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, hapewi kitu kingine ila maziwa ya mama, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, na waende kwa mwuguzi wote wawili, mume na mke, wakaulize njia nyingine. Elkana aliridhia, mama peke yake hawezi kuutimiza ushauri huu.

Kwa mama wa mjini akaaye dukani kutwa, hatari yaweza kuwa ile nyingine, yaani kunenepa baada ya kuzaa. Uswidi huandika uzito wa mama waja wazito katika daftari la taifa, na kwa hiyo Eduardo Villamor na Sven Cnattingius waliweza kuchungua habari za wanawake 151,025 waliozaa mara mbili kati ya 1992 na 2001. Walitangaza mwaka 2006 kwamba wale ambao kipimo chao kilipanda kwa tatu au zaidi kati ya mimba mbili walipatwa zaidi na shinikizo la damu la mimba, kisukari cha mimba na kuzaa mtoto mfu, hata wale ambao hawakufikia unene. Kwa mama wetu wa sentimita 158, kupanda huko ni kama kilo saba na nusu.

Basi kadi za kliniki zisitupwe. Kadi ya mimba iliyopita na iwekwe pamoja na cheti cha ubatizo, ipelekwe katika mahudhurio ya kwanza ya mimba mpya, kabla ya juma la 12, ili mwuguzi alinganishe. Tena siku ya kupima watoto, mara nyingi mtoto hutundikwa kwenye mizani na uzito wake huandikwa, lakini mama aliyemleta hurudi nyumbani bila kupimwa. Aombe apimwe naye. Akionekana anashuka, aongezewe maharage, karanga, mayai, dagaa wa Karema au Ikola, na magunia ya kumtosha hata mavuno yasiuzwe. Akishuka mwezi hata mwezi ingawa anakula vema, asingoje mimba nyingine, bali aende hospitali achunguzwe kifua kikuu, kisukari na virusi vya UKIMWI.