Nyumba Inakaribia Mnada: Pesa Zako Ziende Wapi?

Oktoba, bonasi ya chai ikiingia, ofa haziishi Kericho na Bomet. Mtu wa Litein anakupigia: "Benki inataka kupiga mnada nyumba yangu. Nitumie kianzio leo, nikuuzie bei ya chini." Ngoja kwanza, usibonyeze "Tuma".

Ukimtumia yeye na asilipe mkopo, deni linabaki na mnada unaendelea. Fanya hivi:

1. Omba ofisi ya ardhi ikague rekodi za hatimiliki. Rehani ya benki itaonekana hapo.
2. Uliza notisi ilitoka lini. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye nyumba angalau siku 40 baada ya notisi ya kuuza.
3. Pata barua ya benki inayoonyesha deni lote na kukubali mauzo.
4. Wakili aandike mkataba. Pesa za deni ziende moja kwa moja kwa akaunti ya mkopo. Kabla ya kuweka PIN, kagua jina: liwe la benki, si la mtu.
5. Nyumba ya ndoa inahitaji idhini ya mke au mume. Shamba, idhini ya Bodi ya Ardhi.

Hivyo deni linaisha, muuzaji anabaki na salio lake, nawe unapata hati safi.