Nani aulizwe kabla ya kuezeka nyumba?

Somo hili ni kwa kamati za wakimbizi wa ndani, kwa mashefu wa vijiji na avenyu, na kwa familia zilizopokea wageni. Linahusu siku mfadhili anapofika na kusema: «Kuna fedha kidogo kwa ajili ya makao na kazi za kijiji. Wananchi wanataka nini?»

Siku hiyo wengi wetu tunaijua. Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo iliunguza sehemu kubwa ya mji wa Goma, na Mei 2021 ikateketeza nyumba nyingi upande wa Buhene. Mei 2023 mafuriko yalizoa Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe. Februari 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa kwa siku chache tu. Watu wakarudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wakakuta kuta bila paa, wengine wakakuta mtu mwingine analima shamba lao.

Kuulizwa si zawadi ya mfadhili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema, katika kanuni ya 28, kwamba juhudi za pekee zifanywe ili wenyewe washiriki kikamilifu katika kupanga kurudi kwao au kuhamia mahali pengine.

Lakini tunaulizwa namna gani? Mara nyingi ni mkutano mmoja chini ya mti. Shefu anafungua, mchungaji anaomba, prezida wa kambi anasoma orodha aliyoiandika jana yake. Mama mmoja anasimama, anashukuru, anaketi. Watu wanapiga makofi na orodha inaondoka na gari. Mjane anayelala sebuleni kwa shemeji yake hakujua kama kuna mkutano. Na mwenye nyumba aliyempokea hakualikwa, kwa sababu mkutano ulikuwa «wa deplase». Chuki kati ya wenyeji na wageni huanzia mara nyingi hapo, wala si kwenye kabila.

Wengine wanaona dawa ni kuingiza wanawake katika kamati. Ni vizuri, ila peke yake haitoshi. Katika mradi wa Tuungane, ulioanza mwaka 2007 huko Kivu ya Kusini, Maniema na Katanga, vijiji vilichagua kamati na kazi za kufanya. Sehemu fulani zilitakiwa kuweka wanawake nusu kwa nusu na wanaume. Kwingine sharti hilo liliondolewa. Watafiti walipolinganisha hawakuona kwamba sharti hilo lilibadilisha kazi zilizochaguliwa. Sisi hatushangai. Mama anaweza kuwa mjumbe wa kamati na bado akanyamaza mbele ya baba mkwe wake.

Kwa hiyo tenganisheni vikundi kwanza: wanawake peke yao, wanaume, vijana, wazee na vilema, na familia zilizopokea wageni. Kila kikundi kiongozwe na mtu anayejua lugha yao. Kisha semeni fedha ni kiasi gani. Tuseme ni dola 10,000. Mkiuliza tu «mnataka nini?» mtapata shule, barabara, hospitali na uwanja wa mpira. Mkisema kwamba fedha hizo zinaezeka nyumba 25 kwa dola 400 kila moja, au nyumba 15 pamoja na kutengeneza chemchemi kwa dola 4,000, watu wanaanza kupima. Bei ichukuliwe sokoni wiki hiyo hiyo, pamoja na usafiri wa manjanja na malipo ya fundi.

Kwa kupiga kura, karatasi si lazima. Wekeni mabakuli nyuma ya pazia, kila moja na picha yake. Kila mtu apewe mbegu tano: wanawake maharagwe, wanaume punje za mahindi. Anaweza kutia zote pamoja au kuzigawanya. Hesabuni mbele ya watu wote.

Ikiwa maharagwe yamejaa kwenye chemchemi na mahindi kwenye paa, msikimbilie kujumlisha. Ulizeni sababu. Pengine ni mwendo wa kuchota maji. Pengine akina mama wanajua jambo ambalo wanaume hawakulisema: kwamba kiwanja ni cha mtu, na paa jipya likipigwa, mwenye kiwanja atawatoa na kupangisha nyumba kwa wengine wenye garanti ya miezi mitatu. Hapo bado manjanja yasinunuliwe. Inatakiwa kwanza karatasi ya mapatano, yenye mashahidi: familia itakaa miaka mingapi, na ikihama, manjanja ni ya nani.

Liko jambo moja ambalo kura haiwezi kuamua, nalo ni kiwanja cha mtu asiyekuwepo. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, lakini vijijini familia nyingi zinalima kwa desturi, bila karatasi yoyote. Wengi waliobaki wanaweza kukubaliana kwa amani kabisa kujenga juu ya shamba la wachache waliokimbia. Siku hao wakirudi, nyumba hizo zitakuwa mwanzo wa vita. Viwanja vyenye maneno viandikwe kando, majirani waulizwe mipaka, na habari ipelekwe kwa wenyewe huko waliko kabla ya jiwe la kwanza. Kazi itachelewa, mfadhili atalalamika. Mwambieni sababu.

Tena angalieni daftari. Andikeni hesabu ya kila kikundi, wala msiandike nani alisema nini au ni wa kabila gani. Kunapokuwa na watu wenye silaha, daftari la namna hiyo linaweza kumtafutia mtu kifo.

Baada ya wiki mbili rudini na jibu, libandikwe mlangoni pa kanisa, msikitini na sokoni: nini kimekubaliwa, nini kimekataliwa na kwa nini. Mwenye kupokea malalamiko asiwe yule aliyeandika orodha ya familia.

Mnaokaa karibu na migodi, njia hii inafaa hata kwa fedha za sheferi. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inaacha asilimia 15 ya mrabaha kwa sekta, sheferi au komini ambamo mgodi uko. Ulizeni zimepangiwa nini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi: Katika mkutano wa mwisho kwenu, nani hakuwepo, na kwa sababu gani? Familia zilizopokea wageni zilipata nini? Kuna nyumba iliyojengwa kwenu juu ya kiwanja cha mtu aliye mbali? Nani anaweza kumfikishia habari?