Mawaidha ya Mzee Gornemant

Katika karne ya 12 Mfaransa mmoja, Chrétien de Troyes, alitunga hadithi ya kijana Perceval, kwa ajili ya Philippe, mtawala wa Flandre. Kijana huyo alilelewa na mama mjane kati ya msitu, wala hakujua lolote la vita. Siku alipoondoka kwenda kutafuta cheo cha askari wa farasi, mama alianguka chini penye daraja. Perceval aligeuka, akamwona ameanguka. Lakini akampiga farasi fimbo, akaenda zake.

Alifika kwa Gornemant, mzee mwenye ngome. Huyu alimfundisha kushika mkuki na ngao, akamfunga upanga, akambusu. Kisha akamwonya: adui akishindwa na kuomba huruma, asimwue kwa kusudi. Asiwe mtu wa maneno mengi. Awasaidie wanawake na yatima walio katika shida. Tena aende kanisani, amwombe Mungu airehemu roho yake.

Baadaye Perceval aliufikia mji wa Beaurepaire, uliozungukwa na adui, wenyeji wakiteswa na njaa. Akapigana na Anguingueron, mkubwa wa adui hao, akamwangusha. Yule akalia, «Nihurumie!» Perceval akamjibu kwamba huruma haipo. Mara akakumbuka neno la mzee, akauzuia mkono wake. Hapo ndipo mawaidha yalipozaa tunda, maana ni rahisi kumhurumia mtu kabla hajakupiga.

Neno la pili lilimshinda, na kwa namna ya ajabu: alilishika kupita kiasi. Katika nyumba ya mfalme kilema aliona mkuki wenye kutoa damu, na chombo cha dhahabu chenye kung'aa kikipitishwa mbele yake. Alitamani kuuliza, ila akaogopa kuwa mwenye maneno mengi, akanyamaza. Kumbe, angaliuliza, mfalme angalipona! Mzee alikataza upuzi, hakukataza swali la lazima.

Na neno la kanisa? Miaka 5 Perceval hakuingia kanisani. Siku ya Ijumaa Kuu alimkuta mtawa mkaa pekee msituni, akaungama akilia. Mtawa akamwambia kwamba mama yake alikufa palepale kwa huzuni, na dhambi ile ndiyo iliyoufunga ulimi wake mbele ya mfalme. Huyo mtawa alikuwa mjomba wake. Akamkalisha naye, akamlisha chakula cha kufunga, na siku ya Pasaka Perceval akapokea Komunyo.