Wikendi ya Wawili Nyeri: Pesa Ipangwe Kabla ya Safari

Shosho amekubali kukaa na watoto kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Kwa wazazi wengi hiyo ndiyo kazi ngumu, na mmeshaimaliza. Imebaki pesa, na hapo ndipo safari nyingi za kuadhimisha ndoa huharibikia.

Tuseme mnataka kulala Nyeri siku mbili. Chumba ni shilingi 9,000 kwa usiku, yaani 18,000. Nauli na chakula 8,000. Ya kuachia nyumbani 3,000. Jumla 29,000. Mkianza miezi sita mapema mna wiki 26, na mkiweka 1,200 kila wiki mtafikisha 31,200. Ziwekeni kwenye akiba ya kufungwa, kama ile ya M-Shwari. Zikikaa kwenye salio la kawaida zitaliwa na tokeni za stima. Na msiende raha kwa Fuliza. Kwa deni la maelfu, ada huhesabiwa kila siku hadi ulipe, na pesa yoyote inayoingia hukatwa kwanza, hata ile ndugu aliyokutumia ya dawa ya mtoto.

Sasa malipo ya awali ya chumba. Hapa tafadhali soma polepole.

Unaona picha nzuri mtandaoni: bwawa, bustani, Mlima Kenya nyuma. Bei ni nusu ya kawaida. Unauliza, unajibiwa haraka: "Vyumba vimebaki viwili, tuma sasa kwa namba hii." Namba yenyewe ni ya mtu binafsi. Mkifika Ijumaa jioni, mapokezi hawajui jina lenu, na yule wa picha amezima simu.

Kinga yake ni simu moja. Tafuta namba ya hoteli mahali pengine, si kwenye tangazo lile lile, upige uulize kama wana ofa hiyo na wanalipwa kwa Paybill au Till gani. Unapolipa, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Ukiona jina la mtu badala ya biashara, simama hapo. Mama Watoto akisema, "Baba, hebu tupige kwanza," usimwambie anachelewesha mambo.

Ukishatuma kimakosa, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja. Aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha ni vigumu, na matapeli hutoa haraka sana.

Mkitaka kuingia Mbuga ya Aberdare, hiyo ni rahisi zaidi. Malipo ya KWS hupitia eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Lipeni mkiwa bado mjini, kwa sababu ndani ya msitu mtandao hupotea. Ni mbuga hiyo ambamo Elizabeth na mumewe Philip walilala usiku wa tarehe 5 Februari 1952, katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti. Yao ilikuwa ziara rasmi, lakini watoto wao wawili, Charles na Anne, walikuwa wamebaki Uingereza. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki. Habari ilimfikia baadaye mchana, wakiwa wamesharudi Sagana Lodge. Alikuwa malkia tayari na hajui.

Nyinyi hamna ufalme, lakini nyumbani kunaweza kutokea jambo hamjui. Kwa hiyo ile 3,000 itumeni kwa simu ya shosho Alhamisi, si "tukifika tutatuma". Ongezeni pesa ya kutolea ili asikatwe kwenye chakula cha watoto. Kama shosho hutolewa pesa na kijana wa jirani, huu ndio wakati wa kumfundisha kutoa mwenyewe, maana PIN yake isijulikane na mtu mwingine, hata mjukuu. Mwachieni pia namba ya mapokezi ya hoteli, si zenu peke yake.

Halafu mwambieni hivi: mtu akimpigia Jumamosi kusema mmepata ajali Karatina na hospitali inataka pesa, asitume chochote kabla hajapiga namba hiyo ya mapokezi. Na ule ujumbe wa 3,000 asiufute hadi mrudi.